Luger P08 ya DWM 1917 kwa $2,800, "ilitoka Afrika Mashariki": bei hii ni halali?

Mtanga_Ohio

Wakuu, habari za huko mliko.

Kuna duka la silaha za kale, jimbo la jirani na hapa Ohio, Marekani, linauza Luger P08, bastola ya jeshi la Ujerumani. Juu ya chemba imechapwa 1917 na kwenye goti (kiungo kinachokunjika juu ya bastola) kuna nembo ya DWM, kiwanda cha silaha cha Berlin. Kwa picha nilizotumiwa chuma ni cheusi, kinang'aa, wao wanasema rangi imebaki 98%. Triga na vyuma vingine vidogo vina rangi ya dhahabu safi kabisa. Namba ya fremu ni tarakimu nne na herufi ndogo chini yake, na kibamba cha pembeni kina tarakimu mbili za mwisho zilezile. Magazini ina kitako cha alumini na haina namba inayolingana. Inakuja na ala ya ngozi. Bei $2,800, na muuzaji hataki kushuka.

Sababu anayoitoa ni kwamba bastola ilichukuliwa na ofisa wa Kiingereza kutoka kwa ofisa wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwaka 1918. Karatasi hakuna, ni maneno ya familia. Mimi kwetu Tanga, kwa hiyo hadithi hii inanivuta kweli.

Naomba kujua: nitakaguaje kabla ya kulipa? Hadithi ina uzito gani kwenye bei? Na nina green card, sijawa raia, sheria inaniruhusu? Halafu je, siku moja inaweza kwenda nyumbani?

---

Fundi_Goti

Mkuu, kabla ya hadithi twende kwenye chuma. Umeandika mambo mawili yanayonitia wasiwasi: "98%" na "dhahabu safi kabisa". P08 ya 1917 ilitengenezwa ili iende vitani. Yenye rangi 98% ipo, ila ni chache, na zilizopakwa rangi upya ni nyingi mno.

Hakikisha kwanza haina risasi. Toa magazini, vuta vifundo vya goti juu na nyuma hadi mwisho, angalia ndani ya chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole. Usiruke hatua hii kwa sababu ya umri wa bastola. Luger ina hatari yake ya pekee: sehemu ya juu ikishatolewa kwenye fremu, ule mkono wa kufyatulia ulioko ubavuni mwa resiva (mwili unaoshika mtutu na goti) unabaki wazi. Kama kuna risasi chemba, kuubonyeza tu kwa kidole kunaweza kuifyatua.

Kufungua ili usome namba ni kazi ya dakika moja. Bonyeza mtutu urudi nyuma kidogo, kama nusu inchi. Ukiwa umeushikilia hapo, zungusha chini ule wenzo wa kufungulia ulio upande wa kushoto, mbele ya triga. Inua kibamba cha pembeni, kisha sukuma mtutu na resiva mbele vitoke kwenye fremu. Bisibisi haihitajiki. Kama muuzaji hataki ufungue, mwombe afungue yeye mbele yako au apige picha. Akikataa na hilo, bei inayofaa ni ile ya bastola iliyochanganywa vipande, basi.

Sasa namba. Kwa DWM ya jeshi, namba kamili pamoja na herufi yake iko mbele ya fremu, chini ya mtutu. Iko ubavu wa kushoto wa resiva. Na iko tumboni mwa mtutu. Vipande vidogo vinabeba tarakimu mbili za mwisho: wenzo wa kufungulia, kibamba, triga, kulabu ya kutolea ganda, vipande vya goti, pini ya nyuma ya goti, wenzo wa sefti, mkono wa kufyatulia, hata pini inayogonga risasi. Vishikio vya mbao pia vina namba upande wa ndani. Kulingana kwa kibamba na fremu peke yake hakujakuambia kitu, maana ni vipande viwili kati ya zaidi ya kumi.

Usitosheke na tarakimu, angalia na umbo lake. Waghushi hufuta namba ya kipande kigeni kwa msasa na kuchapa mpya. Pitisha kipande kwenye mwanga wa tochi ulalo: mahali palipofutwa pana kibonde kidogo, na ukiweka rula ya chuma utaona mwanga ukipita chini yake. Tarakimu 4 na 7 za DWM zina mtindo wake. Linganisha ile ya kwenye wenzo na ile ya kwenye kulabu, kama hazifanani kwa upana wa mstari basi moja imechapwa baadaye.

Tumboni mwa mtutu, karibu na namba, tafuta namba nyingine yenye umbo la 8,82 au 8,83. Hicho ni kipenyo cha ndani kwa milimita, kilipimwa kiwandani. Mtutu usiokuwa nacho, au wenye namba ya bastola isiyolingana, umebadilishwa. Tazama na mahali mtutu unapokutana na resiva: kuna mstari mmoja uliochapwa kwa patasi ukivuka vyote viwili. Nusu mbili za mstari zikiwa hazikutani, mtutu umewahi kufunguliwa.

Upande wa kulia wa resiva, kwa mwaka huo, unatakiwa uone chapa ndogo za taji lenye herufi ya Kigothi chini yake, na tai wa jaribio. Chapa za tai zenye namba, mfano 63, 655 au 135, ni za enzi za Hitler na kiwanda cha Mauser. Ukizikuta kwenye kipande cha bastola hii, kipande hicho kimetoka kwingine.

Rangi ndiyo sehemu ngumu, na ndipo pesa nyingi hupotea. Hadi mwaka 1937 P08 zilitiwa rangi kwa kutu iliyodhibitiwa: chuma kinapakwa dawa, kinaota kutu nyembamba, kinachemshwa, kinasuguliwa, kinarudiwa tena. Mauser ndio walioacha njia hiyo mwaka huo na kuanza kutumbukiza vipande kwenye chumvi ya moto. Tofauti yake ni kwamba dawa hupakwa nje tu, lakini chumvi huingia kila tundu. Kwa hiyo bastola ya 1917 ukiifungua, ndani ya fremu, kwenye reli na kisima cha magazini, chuma kinatakiwa kiwe cheupe, cha kijivu kilichochafuka kwa mafuta. Mdomo wa mtutu nao mweupe. Na pale chini ya wenzo wa sefti lilipo neno GESICHERT (Kijerumani, yaani imefungwa salama) pawe peupe. Ukikuta ndani ni bluu-nyeusi kama nje, imetumbukizwa, na hakuna mjadala.

Dalili nyingine za kupakwa upya: nembo ya DWM imefifia kingo, kama herufi zilizoandikwa kwenye sabuni iliyotumika. Vishimo vya kutu viko *chini* ya rangi, vyenyewe vimepakwa. Pembe za fremu zilizokuwa kali zimekuwa za duara. Kwenye DWM nyingi zenye rangi ya asili utaona mwangaza mweupe ukizunguka namba ya mtutu, kwa sababu namba ilichapwa baada ya rangi na chuma kikainuka pembezoni. Bastola iliyopakwa upya haina mwangaza huo.

Ile dhahabu ya triga, wenzo wa kufungulia, wenzo wa sefti na kitufe cha magazini ni rangi ya majani makavu, inapatikana kwa kupasha chuma moto hadi kiwango fulani. Ni laini sana, huisha haraka mahali kidole kinapogusa. Triga ya miaka zaidi ya mia ina majani makavu kwenye mashimo na pembeni, katikati ni kijivu. Ikiwa ya dhahabu ileile sare kila mahali, mtu ameipasha juzi.

---

Kilwa_na_Kumbukumbu

Fundi amemaliza chuma, mimi nichukue hadithi. Tarehe ya chemba ndiyo inayoiua.

Bastola imechapwa 1917. Swali ni moja: bastola iliyotoka Berlin mwaka 1917 ilifikaje mikononi mwa jeshi la Lettow-Vorbeck? Pwani ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza tangu mapema 1915. Meli za kuvunja kizuizi zilizofika ni mbili. *Rubens* ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga yenu, Aprili 1915, ikashambuliwa na kuungua, ingawa shehena nyingi iliokolewa. *Marie* iliingia ghuba ya Sudi, kule Lindi, Machi 1916. Baada ya hapo hakuna meli iliyofika. Novemba 1917 Wajerumani walituma ndege ya puto, L59, kutoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na dawa na silaha. Ikaagizwa irudi ikiwa angani Sudan, haikutua. Kwa hiyo bastola ya 1917 haikuwa na njia ya kupita.

Wakati huohuo wale jamaa walikuwa wanaishi kwa kuteka. Walivuka Ruvuma na kuwapiga Wareno pale Ngomano Novemba 1917, wakabeba bunduki na risasi zao, na walipojisalimisha Abercorn, siku hizi Mbala huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, silaha nyingi walizokabidhi zilikuwa za Waingereza na Wareno. Wareno wenyewe walikuwa na Luger za jeshi la nchi kavu walizonunua miaka ya 1909 na 1910, ila hizo ni za 7.65 mm na juu ya chemba zina taji na herufi M2 zilizofungamana. Haifanani na yako hata kidogo.

Luger ambayo ningeisikiliza kwa hadithi ya Tanganyika ni ya mwaka 1914 kurudi nyuma, au ya jeshi la majini, ile P04 yenye mtutu wa milimita 150, kwa sababu mabaharia wa manowari ya Kijerumani *Königsberg* walipigana nchi kavu baada ya meli kuzamishwa Rufiji Julai 1915. Hata hiyo ingehitaji karatasi.

Uwezekano mkubwa ofisa huyo wa Kiingereza, kama alikuwepo, aliipata Ufaransa au Ubelgiji, ambako bastola za 1917 zilikuwa kila handaki. Familia huchanganya babu wawili. Lakini kwenye bei, hadithi isiyo na karatasi ni sifuri.

Karatasi ninayoizungumzia ni hati yenye *namba ya bastola* ndani yake. Askari wa Marekani waliorudi 1945 wengi walipewa hati iliyosainiwa na ofisa wao ikiruhusu kuleta ngawira, na nyingine zina namba. Hiyo inaongeza bei. Picha ya babu akiwa na kofia haiongezi, wala barua inayosema "bastola ya Kijerumani" bila namba.

Angalia pia mbele ya mshikio wa fremu. Vikosi vya Ujerumani vilichapa hapo alama ya kikosi na namba ya silaha. Ukikuta chapa mpya kali juu ya chuma kilichochakaa, mtu ameongeza kikosi ili auze.

---

Bi_Mnada

Kwa bei nitakwenda moja kwa moja.

DWM 1917 si adimu. Ni kati ya miaka waliyotengeneza nyingi zaidi. Kwa hiyo thamani yote iko kwenye hali yake, mwaka haukuongezei kitu. Kwa soko la Marekani ninavyoliona kwenye minada iliyokwisha:

vipande vyote vinalingana isipokuwa magazini, rangi ya asili iliyochakaa kiungwana, mtutu mzuri: $1,500 hadi $2,000;

kama hiyo, na magazini ya kwake yenye namba ileile: ongeza mia kadhaa, na zikiwa magazini mbili zote za kwake ongeza zaidi;

imepakwa upya lakini namba zinalingana: $900 hadi $1,200;

vipande vimechanganywa na imepakwa upya: ya kupigia shabaha tu, chini ya hapo.

Ziko zinazofika $2,800 na kupita. LP08 ya mizinga, ile yenye mtutu wa milimita 200 na kioneo cha nyuma cha hadi mita 800. P04 ya majini. Ya kiwanda cha Krieghoff kwa jeshi la anga, hiyo hupanda mbali sana. Hii ya kwako haimo kwenye kundi hilo hata ikiwa safi.

Usiangalie bei zinazoombwa kwenye mitandao. Kuna bastola zimeomba $3,500 mwaka hadi mwaka na ziko palepale. Angalia *zilizouzwa*, na uchague zenye mtengenezaji uleule, mwaka uleule, hali ileile. Kumbuka nyumba za minada huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi 15% hadi 20% na zaidi, na wengine huionyesha ndani ya bei ya mwisho, wengine nje. Ukisoma nyundo iligonga $1,500, mnunuzi huenda ametoa $1,800.

Magazini: ya mwaka 1917 inatakiwa iwe na kitako cha *mbao*, namba ya bastola na herufi yake imechapwa kwenye mbao, ya akiba ikiwa na alama ya msalaba mdogo kama ya kujumlisha. Kitako cha alumini ni cha baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Yaani aliyonayo muuzaji si ya bastola hii kwa miaka, achilia mbali namba. Itoe kwenye hesabu kabisa.

Ala nayo usiilipie kabla ya kusoma mgongo wake. Mtengenezaji, mji na mwaka huwa vimechapwa kwenye ngozi. Ala yenye "P.08" mgongoni na tai ni ya miaka ya 1930 na 1940. Chini ya kifuniko kuna kimfuko cha kifaa kidogo cha kufungulia na kujazia magazini, kifaa hicho peke yake chenye chapa ya ukaguzi kina soko. Ngozi mpya inayonuka gundi, yenye uzi mweupe kabisa, ni ya kuigiza na haizidi $50.

---

Karani_4473

Sheria, kwa ufupi.

Green card: unaruhusiwa. Sheria ya serikali kuu inawazuia walioko kwa viza ya muda, yaani wanafunzi, watalii, wafanyakazi wa mkataba, isipokuwa wachache wenye nafuu maalumu kama leseni halali ya uwindaji. Mkazi wa kudumu hayumo humo. Dukani utajaza Fomu 4473, ya kununulia silaha, na kuandika namba yako ya uhamiaji, beba kadi yenyewe. Uwe umetimiza miaka 21 kwa bastola.

Duka liko jimbo jingine, kwa hiyo huwezi kulipa na kuondoka nayo. Itatumwa kwa muuza silaha mwenye leseni Ohio, utajazia kwake na kufanyiwa ukaguzi, naye atakutoza ada yake. Ulizia ada hiyo mapema. Njia nyingine ni leseni ya mkusanyaji, aina ya 03: $30 kwa miaka mitatu, Fomu 7CR ya ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha. Inakuruhusu kupokea moja kwa moja silaha zilizotimiza miaka 50 zikiwa katika umbo lake la asili, kutoka jimbo lolote, ilimradi uandike kila inayoingia na kutoka kwenye daftari. Si leseni ya biashara. Ukianza kununua na kuuza kwa faida umetoka nje yake.

Kitako cha bega: nyuma ya mshikio wa P08 ya 1917 kuna kijino cha kupachika kitako cha mbao. Usinunue kitako ili ukipachike. Bastola yenye kitako inahesabiwa bunduki ya mtutu mfupi, na hilo ni kosa kubwa bila usajili. LP08 na P04 za asili zikiwa na vitako vyake zimesamehewa na ATF. Usidhani P08 ya kawaida imo.

Kwenda Tanga: unahitaji vibali pande zote mbili. Kuitoa Marekani kuna taratibu zake, na Tanzania inaingia chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, inayotaka leseni kwa silaha za moto. Usithubutu kuiweka kwenye kontena na nguo.

---

Mtanga_Ohio

Nashukuru sana wote. Nimeenda dukani, muuzaji amefungua mwenyewe bila ubishi. Matokeo:

Fremu, resiva na mtutu namba zinalingana pamoja na herufi. Kipenyo kimechapwa 8,83. Mstari wa patasi unakutana. Kibamba, wenzo wa kufungulia, vipande vya goti, kulabu, pini ya nyuma, vyote sawa. Triga ni tofauti. Pini ya kugonga risasi haina namba kabisa. Ndani ya fremu ni bluu-nyeusi, mdomo wa mtutu pia. Chini ya sefti peupe. Mwangaza kwenye namba ya mtutu haupo. Chapa za taji zinasomeka ila kingo zimelala. Kishikio cha kushoto kimemeguka kona ya juu karibu na sefti. Ndani ya mtutu mistari ipo lakini ni giza, na kuna vishimo karibu na chemba. Hakuna chapa ya mwagizaji.

Ala ina "P.08" mgongoni na tarehe 1938.

---

Fundi_Goti

Umefanya kazi nzuri. Ndani bluu, mdomo bluu, mwangaza hakuna: imetumbukizwa kwenye chumvi. Chini ya sefti wamepang'arisha tena baada ya rangi, anayejua kazi hufanya hivyo, kwa hiyo weupe huo usikubabaishe. Aliyeipaka hakuwa mchafu, kwa sababu namba na chapa zimesalimika.

Triga tofauti na pini isiyo na namba ni matengenezo ya kawaida. Pini huvunjika ncha, na mafundi walibadilisha. Ni vipande viwili vidogo, havigusi mtutu wala goti, kwa hiyo haijashuka daraja hadi kuwa ya mchanganyiko. Giza ndani ya mtutu linatokana na fataki (viwashio) za risasi za zamani zilizokuwa na chumvi: ukipiga usiposafisha kwa maji siku hiyohiyo, kutu inaanza. Vishimo karibu na chemba haviondoki.

Kumeguka kwa kishikio cha kushoto ndiyo ajali ya kila Luger. Mtu hufungua skrubu halafu anabandua kwa nguvu kuanzia juu, kona iliyoko chini ya wenzo wa sefti inakatika. Kinainuliwa kuanzia *chini*, kisha kinavutwa kitoke chini ya wenzo. Na bisibisi iwe na ncha inayojaa kwenye mfereji wa skrubu, si ya jikoni.

Ukiinunua usiihifadhi ndani ya ala. Ngozi hushika unyevu na ina asidi ya kulainishia, baada ya miezi utakuta madoa ya kutu yenye umbo la mshono. Ipake mafuta mepesi, funga kwenye kitambaa kikavu, ala iwe pembeni.

---

Bi_Mnada

Basi bei imejitoa yenyewe. Imepakwa upya, mtutu wa giza, triga ya kuazima, kishikio kimemeguka: bastola peke yake $1,000, ukimpenda muuzaji $1,100. Ala ya 1938 ni halisi lakini si ya bastola ya 1917. Ina thamani yake kwa mtu mwenye Luger ya Mauser ya S/42, alama ya siri ya kiwanda hicho miaka ya 1930. Ikiwa ngozi ni ngumu, mshono mzima, kamba ya kuvutia haijakatika, iongezee $150 hadi $200, na kama kifaa kiko ndani hesabu tofauti.

Mwambie $1,200 kwa vyote. Hataki, ondoka. Kwa $2,800 unapata DWM mbili, moja ya asili na moja ya kupigia.

Usimlaumu kwa kusema 98%. Kweli rangi imebaki 98%, ila si ya DWM.

---

Shabaha_Dallas

Naomba nipingane kidogo na Bi_Mnada. Kama Mtanga anataka ya kupiga uwanjani, hii inamfaa kuliko ya asili, na $1,200 si bei mbaya. Bastola yenye namba zote na rangi yake hutakiwi kuipiga sana: kulabu au pini ikivunjika, umepoteza kipande chenye namba na mia kadhaa ya thamani. Hii tayari imeshapoteza.

Ila fanya haya. Weka springi mpya, kuu na ya magazini. Magazini ya zamani weka kabatini na upigie mpya ya Mec-Gar. Tumia 9 mm ya kawaida, punje 115 (kipimo cha uzito wa risasi), isiyo na alama ya +P, yaani ya nguvu zaidi. Goti la Luger linahitaji msukumo wa kasi ili likunjike, risasi dhaifu haitalifungua na ganda litabanwa. Springi ya magazini ikichoka, risasi inayofuata inachelewa kupanda na kipande cha mbele cha goti kinapita juu yake, watu wengi hulaumu bastola kumbe ni magazini. Kabla ya yote, mpe fundi aangalie chemba, hivyo vishimo vikiwa *ndani* ya chemba ganda linaweza kung'ang'ania.

---

Mtanga_Ohio

Vishimo viko mbele ya chemba, ndani ya mistari, nimeangalia tena picha. Muuzaji amesema $1,600 na ala. Nimemwachia namba ya simu na $1,200 yangu. Wakati nasubiri, nimejaza 7CR.

---

Karani_4473

Nakala ya 7CR itumie kwa mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lako pia, ni sharti. Na leseni ikifika kabla muuzaji hajakubali, mtumie nakala iliyosainiwa, utaokoa ada ya kupitishia kwa duka la Ohio. Hiyo ada ingiza kwenye mazungumzo ya bei.